Boma la Mironge

Muyuni, Jumapili, 5 Aprili 1970

Nguruwe tena! Matuta mawili ya muhogo wameyafukua. Mke wangu Wanu kasema wazi: wakiingia mara nyengine, anakwenda kwa mama yake Makunduchi, kwenye chakula. Kasema kwa upole. Ndicho kilichonitisha. Jirani yetu Usi kajitolea kunisaidia kupanga ukuta wa mawe kama wake. Mawe! Mimi niliyekuwa seremala mjini, Mlandege! Nitajenga boma la nguzo, zimesongamana, zimechongwa ncha juu.

Jumanne, 7 Aprili

Boma limesimama. Mironge mitupu: laini kukata, na iko nyuma ya nyumba. Usi kaniuliza kama najua mronge ukichomekwa ardhini hufanya nini. Nikamjibu kuwa mti uliokatwa umeshakufa. Miaka yote ile ubao haujanichipulia dukani. Kaondoka anacheka. Husuda!

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua kila siku. Boma limeota majani! Limependeza, nakiri. Mbuzi wa Usi wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanakula ukuta wangu. Nimewafukuza, wakaja wanawake na vikapu. Wamenisifu kwa kupanda mboga. Nikawakaribisha, ningefanyaje? Bi Tabia, mtu mzima, hakuyafikia majani ya juu. Akang'oa nguzo nzima, akaenda nayo kwake. Kanipita nayo begani, nikamwamkia shikamoo.

Jumatatu, 20 Aprili

Nguruwe wameingilia pale pale alipong'oa nguzo Bi Tabia. Muhogo wote umekwenda, limebaki tuta moja. Wanu hakunigombeza. Kakunja kanga zake, kanipikia mronge wa nazi, kaondoka. Mtamu. Nimelia. Nyumba kubwa hii kwa mtu mmoja.

Jumatano, 22 Aprili

Salamu kutoka Makunduchi! Wanu atarudi Ijumaa, ila alikute lile tuta limesimama. Alhamdulillahi! Usi kaleta mawe kwa gari la ng'ombe, kasema tulizungushie leo leo, tuta moja si kazi. Nimemshukuru sana, nikamwambia aende akapumzike. Mtu mwema, lakini miti haijui. Mawe yake nimeyakalia huku nachonga. Kosa nimeshaliona: mronge una majani matamu, huita watu. Safari hii nimechagua nguzo ngumu, zilizonyooka, na majani nimeyapukuta yote. Nguruwe waje wajaribu.

Miwa inachongeka vizuri ajabu.