Habari za Vita vya Talha wa Keko, Alipoisaka Picha ya Mwalimu Auleria

Sogeeni, enyi watu wa Kinondoni na Temeke, na nyie wa Kimara mliokwama kwenye foleni. Tueni vikombe vya kahawa, punguzeni redio, mwenye mtoto analia ambembeleze, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wafalme wana vita vyao, na vimekwisha kuandikwa. Lakini Jumamosi ile, tangu saa mbili asubuhi hata jua la alasiri, palitendeka jambo katika mji huu ambalo hakuna aliyeshika kalamu kulinakili, nami nimechoka kuona makubwa yakipotea hivi hivi. Talha bin Abdulrahman alitoka kwenda kutafuta mahali pazuri pa kumpigia mama mmoja picha.

Msicheke. Ngojeni kwanza.

Huyu Talha, fahari ya Keko, bwana wa kamera moja na lenzi mbili, mvaaji wa kizibao cha mifuko kumi na mitatu ambayo kumi na miwili haijulikani ina nini, alikuwa na studio ya chumba kimoja ubavuni mwa mafundi seremala, na ndani yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ambalo yeye mwenyewe alilionea haya. Maana alikuwa ameapa, tangu ujana wake, kwamba picha ni mahali. "Mtu ni yule yule!" alikuwa akinena, kifua mbele. "Nipeni mahali, nami nitawapa picha!" Na katika simu yake alitunza orodha ya mahali arobaini na moja, kutoka Kawe hadi Kigamboni, kila pahali na saa yake ya jua. Akiugua homa aliisoma akapata nafuu.

Na aliyemwita vitani ni Mwalimu Auleria wa Kimara, mwenye miaka sabini na mitatu, mtawala wa chaki, aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na minne, ambaye sauti yake ikitoka dirishani mwa darasa, makondakta kule kituoni walichomekea mashati. Mama huyu alikuwa na dhiki. Mwezi ule walimzika rafiki yake Filomena, na picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa imekatwa kutoka kwenye picha ya kichen pati: begani mkono wa mtu asiyejulikana, na mdomoni mwa marehemu mrija wa soda. Mwalimu Auleria alilia msiba mzima, nusu kwa ajili ya Filomena, nusu kwa ajili ya mrija. Aliporudi nyumbani akapekua kabati atafute picha yake mwenyewe. Akapata moja tu, ya kitambulisho, ambayo ndani yake anafanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Mwanangu Talha," akamwambia kwenye simu, "wanangu mimi nawajua. Siku yangu ikifika watahangaika na maturubai na masufuria, picha wataikumbuka ibada inaanza, na watachukua hiyo hiyo ya kitambulisho. Nitalala mbele ya kanisa zima na ule uso, na siwezi kuinuka niwaambie watu kwamba siyo mimi. Nitafutie mahali pazuri, pa nje, penye hewa. Nataka nionekane kama nilivyo."

Talha alikuwa amepiga picha za maharusi hata idadi imempotea, lakini neno kama hilo hajapata kuambiwa. Akasimama katikati ya studio, mkono juu. "Mama! Naapa kwa lenzi hii, sitarudi Keko kabla sijapapata!"

"Usiape ape. Njoo Jumamosi saa mbili," akajibu Mwalimu, "na uchomekee."

Basi wakaondoka Kimara kwa bajaji ya Nassibu, dereva asiyejua breki wala aibu, Mwalimu ndani ya kitenge cha zambarau na kilemba cha kuogopwa. Walipanda kwanza kilima kimoja cha Goba ambacho mji wote huonekana chini, ila siku hiyo palikuwa na mtu anachoma taka, wakapiga chache ndani ya moshi wakaacha. Wakashuka Kawe. Na hapo, mbele ya lango la ufukwe uliopandwa minazi kwa kipimo, akasimama mlinzi mwenye kirungu.

"Simu ruksa, braza," akasema. "Kamera ya shingo ndefu, kibali."

Talha akajivuta akawa mrefu. "Ewe bawabu! Unamjua unayemzuia? Mama huyu amefundisha nusu ya mji huu kusoma! Hicho kibango chako cha kukataza watu, anayekisoma kafundishwa na nani? Unaizuia historia hapa!"

"Historia ije na barua," akasema mlinzi, akarudi kwenye kiti chake.

Wakazunguka hadi pwani ya watu wote, ambako hakuna minazi ya kipimo wala mlinzi. Ila kulikuwa na upepo. Upepo ule ukakinyakua kilemba ukakipeleka hadi kwa wakaanga samaki, na Nassibu akakikimbiza, akaanguka, akainuka, akakirudisha kikinuka pweza. Talha akainua kamera. "Mama, tazama hapa!" Na hapo, jamani, Mwalimu Auleria, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa anamcheka Nassibu, akapandisha kidevu, akavuta pumzi akaifungia ndani, akatoa macho. Uso wa kitambulisho huo, mzima mzima, na bahari nyuma yake.

"Mahali hapa siyo," akanena shujaa, akapapiga mstari kwenye orodha.

Wakaivamia Kinondoni, kwenye bustani moja ya maua ambayo Jumamosi huwa kambi ya maharusi. Majeshi saba yalikuwa yamepanga mstari kusubiri ukuta wa maua mekundu, wapambe kwa sare zao, kila jeshi na mpiga picha wake na kelele zake. Mwalimu alipopita tu, mpiga picha wa watu akapaza sauti, "Mama mzaa chema huyo hapo! Mama, ingia kati!" Akavutwa. Kwa kuwa hawezi kuona jambo limepinda akaliacha, akanyoosha shela ya bibi harusi, akamwambia bwana harusi atoe mikono mfukoni, kisha akapigwa picha nne na ukoo asioujua, kidevu juu, pumzi ndani. Hata leo kuna nyumba mahali fulani watu wanaulizana yule ni shangazi wa upande gani.

Zamu yao ilipofika, ikawa yale yale. Ule mgongo ulionyooka kama rula, yale macho.

Talha akaketi pembeni akazipitia picha, moja baada ya nyingine, mia moja na nane. Bahari nzuri. Maua mazuri. Hata moshi wa Goba ulikuwa na uzuri wake. Na katikati ya kila uzuri, mama yule wa kitambulisho. Wazo likamjia ambalo hakulitaka: kwamba huenda mahali hapana kosa, na orodha yake ya miaka sita ni kazi bure. Likamuuma kwelikweli. Zaidi kukamuuma kumwona Mwalimu akichungulia begani mwake, kisha akarudi nyuma taratibu.

"Labda ndivyo nilivyo," akasema Mwalimu Auleria. "Labda hiyo hiyo ya kitambulisho inatosha."

"Hapana, Mama," akasema Talha, na sauti haikuwa ya hotuba tena. Akainua kamera. Betri ikakata roho mkononi mwake, na ya akiba ilikuwa Keko.

Ndivyo shujaa alivyorudi nyumbani akiwa ameivunja ahadi yake, kichwa chini. Bajaji ikasimama mbele ya mafundi, pale makochi, vitanda na milango ya mninga inapopangwa kando ya barabara. Talha akaingia studio kutafuta betri. Mwalimu akateremka anyooshe miguu, akaona fremu ya kiti kikubwa, bado haina hata mto, akakikalia. Kiti kikayumba.

"Nani ametengeneza hiki?"

Fundi mkuu akageuka, mtu mzima mwenye mvi, penseli sikioni, mafundi sita chini yake. Penseli ikadondoka. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe nani?"

"Gibson, Mwalimu. Darasa la tatu B. Nilikuwaga nakaa dirishani."

"Gibson wa dirishani! Mguu mmoja wa kiti hiki mfupi. Nilikwambia nini habari ya kupima?"

Fundi mkuu akaweka mikono nyuma, akasimama wima mbele ya vijana wake. "Ulisema rula inaanzia kwenye sifuri, Mwalimu, siyo kwenye moja."

"Na huu mguu umeuanzia wapi?"

Gibson akatoa futi yake ya kupimia, akaivuta polepole, akaionyesha. Ncha ilikuwa imekatika. "Sifuri ilivunjika tangu mwaka juzi, Mwalimu. Mie naanzia kwenye moja. Ile mingine mitatu walipima vijana kwa futi zao."

Loo! Mwalimu Auleria alicheka hadi akaegemea nyuma, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika futi isiyo na sifuri, na kiti kikawa kinayumba naye.

Talha akatoka mlangoni na betri mpya. Jua la saa kumi lilikuwa linapita kati ya milango ile iliyosimamishwa, na vumbi la mbao limejaa hewani, lote linang'aa. Akainua kamera. Mdomo ukafunguka useme "Mama, tazama hapa!", na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga. Akapiga mara tatu tu.

Kisha akampelekea. Mwalimu akavaa miwani. Akatazama. Randa zikanyamaza, Gibson akang'ata kucha, Nassibu akazima bajaji ambayo haijawahi kuzimwa mchana. Mwalimu akagusa kioo cha kamera kwa kidole.

"Huyu," akasema, na machozi yakamlenga. "Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta."

"Alhamdulillahi!" akanguruma Talha. "Basi Mama, hii ndiyo itakaa juu ya..." Akasita. "Siku hiyo. Na iwe mbali."

"Juu ya jeneza? Una wazimu? Picha nzuri hivi niwaachie watu wanaolia! Hii weka fremu kubwa, itakaa sebuleni, niiangalie mwenyewe nikila. Ya msiba nitakuja unipige nikizeeka."

Basi na iandikwe, wenye kalamu waiandike na wenye simu waitume: kwamba siku hiyo Talha bin Abdulrahman aliushinda uso wa kitambulisho, akaongeza kwenye orodha yake mahali pa arobaini na mbili, Keko kwa Gibson, saa kumi, kwamba kile kiti hakikurekebishwa mguu, kwa amri ya Mwalimu mwenyewe, na kwamba Mwalimu Auleria, mwenye miaka sabini na mitatu, alirudi Kimara jioni ile akiwa bado hajazeeka.