Kidole cha Mpima Chai

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Habari kubwa. Ijumaa ijayo bosi anakwenda Riyadh kwenye mashindano ya kulenga shabaha, na anataka mtu mmoja wa kumsaidia uwanjani. Mmoja tu. Nyumba hii ya Aziziya, hapa Jeddah, ina wanaume wawili wa kazi: mimi Hillary, dereva, na Dominic, askari wa geti. Kwa hivyo ni mimi.

Lazima niwe mimi. Valary yuko Riyadh. Mkataba wake umeisha, Jumamosi anapanda ndege kurudi Kenya, na Ijumaa ndiyo siku pekee madam wake amemruhusu kutoka. Tulijuana Nairobi miaka miwili iliyopita, kwenye mafunzo ya kuja huku, tukifundishwa kutumia mashine ya kufua. Tangu hapo ni simu tu. Nimejaribu mara tatu kumwomba tuoane. Mara tatu mtandao umekatika. Jambo hili linataka uso kwa uso.

Sasa, bosi ameagiza triga tatu mpya za bunduki yake. Anasema ile ya kiwandani ni nzito tena inaburuta. Amezifunga hizo mpya kwenye ubao, bila bunduki, bila risasi, na anashinda akizivuta kwa kidole huku amefumba macho. Jumatano atatufunga macho sisi. Atakayetambua ipi ni ipi kwa kidole ndiye wa kwenda.

Nikamwambia, baba, mimi Kericho nilikuwa karani wa kupima majani chai miaka sita, mkono wangu ni mizani. (Miezi sita. Na mizani ilikuwa mizani.) Dominic akasema yeye aliwahi kushika bunduki NYS, kule vijana wa Kenya wanakohudumia taifa. Ya mbao, nina hakika.

Truphena, mpishi wetu, ananishauri nimwambie bosi ukweli tu, kwamba kuna mtu nataka kumwona. Truphena hurahisisha mambo sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Mazoezi. Nimetoa chini ya kitanda ile mizani ya kupimia mabegi ya safari, nikaiangika kwenye kibinyio cha bomba la kuoshea gari. Kilo mbili na gramu mia tatu. Nikafumba macho, nikavuta polepole. Bosi anasema triga nzuri haikuambii itakatika lini, yaani itafyatuka lini, inakushtukiza. Hii ilinishtukiza. Maji yote kifuani.

Nimevuta mara sitini. Gari halijawahi kung'aa hivi. Dominic amesimama getini akinitazama, kisha akauliza kwa upole kama nyumbani wote ni wazima. Wivu huo. Nikaingia ndani nikakauke chini ya AC.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kidole kimevimba. Sasa kila kitu ni kilo mbili, hata kijiko.

Nina mpango mwingine, bora kuliko wa kwanza. Kidole kinaweza kudanganya, pua haidanganyi. Bosi alipoenda kuswali Adhuhuri nikaingia na sinia la chai kama mtu wa heshima. Triga nyepesi, iliyoandikwa gramu mia sita: nikaipaka mafuta ya karafuu. Ya kati, kilo moja: kitunguu saumu. Nzito, kilo moja na nusu: sikuipaka kitu. Dakika mbili, halas, kazi imekwisha.

Jioni Truphena ameuliza nani amegusa mafuta yake ya karafuu, ana jino linamuuma. Nimemwambia nilimwona Dominic jikoni.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamka na mafua. Ni yale maji na ile AC. Matundu yote mawili ya pua yameziba. Nimenusa kitunguu, mafi, kama Waarabu wasemavyo: hakuna kitu. Nimenusa soksi zangu, mafi. Aki ya Mungu, hata petroli.

Nimejifukiza mara nne. Truphena amenipa tangawizi, akasema tena nimwombe tu bosi. Nimemwambia aangalie sufuria zake.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku ya siku. Dominic akaambiwa angoje nje. Bosi akanifunga macho kwa kilemba chake, akanisogezea ubao, akawa anakiweka kidole changu kwenye triga anayoitaka yeye.

Ya kwanza nikaiinamia kidogo kuinusa. Wapi. Kwa hivyo nikavuta, nikasema kwa sauti ya karani: baba, hii ni kilo moja kasoro, laini, inakatika vizuri kama chipukizi la chai. Ya pili nikasema ni nzito, inaburuta, hii ndiyo ya kilo moja na nusu. Ya tatu nikaivuta muda mrefu, nikatikisa kichwa, nikasema hii ni ya ajabu, gramu mia sita, haiburuti hata kidogo, tofauti kabisa na ile ya kwanza.

Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ya kwanza na ya tatu ilikuwa triga ileile.

Dominic akaingia. Akavuta kimya. Akasema kilo hazijui, ila ya pili ni nyepesi kuliko hizo nyingine, na ya tatu ameshaivuta pale mwanzo. Bosi akampiga begani: Dominic atakwenda. Kisha akaunusa ubao, akauliza mbona triga zake zina harufu ya pilau. Truphena alikuwa mlangoni na kahawa. Alinitazama mimi, kisha akalishika shavu lenye jino bovu.

Nimemwandikia Valary kwamba siji. Amejibu "sawa". Neno moja. Nimelia kidogo, lakini pia ni mafua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Alfajiri bosi amenigongea mlango kwa hasira. Gari liko wapi, mbona sijapakia? Nikasema, baba, si mnakwenda na ndege kama siku zote? Akasema bunduki yake hampi mtu wa uwanja wa ndege airushe kama gunia. Wanakwenda kwa barabara. Nikauliza nani anaendesha. Akanitazama kama mgonjwa. Akauliza kazi yangu ni gani katika nyumba hii.

Zaidi ya kilomita mia tisa. Nimeimba njia nzima. Dominic amelala njia nzima.

Ijumaa, 17 Oktoba, Riyadh

Saa mbili asubuhi nikawashusha uwanjani. Dominic atasimama juani mpaka jioni akibeba karatasi za shabaha. Mimi dereva nimeambiwa nirudi saa kumi na moja. Kumbe ningeshinda ningekosa.

Valary alinikuta bustanini, chini ya mtende mfupi. Amekonda kidogo, anacheka vilevile. Alikuwa na chapati kwenye mkebe. Nikatoa hotuba yangu, kurasa mbili, nikakohoa, nikaanza na salamu za ukoo. Sikufika mstari wa tatu. Akasema, Hillary, mama nilishamwambia tangu Julai, anakungoja Desemba. Akauliza kwani nilikuwa nangoja nini.

Nikakaa chini. Furaha yangu haina kipimo, na mimi nimepima vitu vingi wiki hii. Akakishika kidole changu kilichovimba, akauliza kimefanya nini. Nikamwambia kimechagua triga ya bosi.

Jioni: bosi wa tisa kati ya kumi na mmoja. Alitumia ile ya kiwandani. Anasema mkono umeizoea. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumerudi Jeddah. Valary amefika salama, amenitumia picha ya mama yake akipunga mkono. Nahitaji likizo Desemba nzima. Truphena anasema bosi ni mtu wa kuongea naye, nimwombe tu. Eti nimwombe tu! Huyu mama hajui dunia.

Nimeanza kuchechemea tangu asubuhi. Nitamwambia bosi daktari wa mguu huu yuko Kericho peke yake. Bosi ameshaniona, ameuliza ni mguu gani. Nikasema wa kulia. Truphena anasema asubuhi ulikuwa wa kushoto. Kesho nitaupaka karafuu nisisahau.