Kadi ya Baba, Buti la Mama

Jumatatu, 7 Oktoba

Sasa hivi binti yangu Embla ametumbukiza kijiko cha uji ndani ya buti la mvua la mama yangu, kisha akajipigia makofi. Hajatimiza miaka miwili na tayari ana ghala lake. Jana ilikuwa soksi. Nimemwacha. Mtoto mwenye shughuli hasumbui, nami nina siri ya kuandika.

Nimebadilisha kigari cha Embla cha kusukumwa kwa kadi ya kompyuta!

Ni kadi ya mawasiliano, ile inayoiwezesha mashine kuandika kwenye skrini. Jamaa mmoja wa mji wa Trondheim alikuwa nayo, mkewe ana mimba, tukaelewana. Mama anadhani kigari kiko kwa fundi. Embla atapanda toroli.

Lazima nifaulu. Chini ya kiwanda cha zamani cha karatasi imesimama kompyuta ya baba, kubwa kama kabati la nguo, bubu tangu kiwanda kifungwe. Baba aliihudumia miaka ishirini. Nikiwa na miaka sita alinikalisha juu ya boksi, akabonyeza swichi, na mashine ikanisalimu kwa jina. Tuva! Jina langu, kwa herufi za kijani! Baba ametutoka miaka mitatu sasa. Nataka Embla aione salamu ile.

Jumamosi ni msaragambo, siku ya kazi ya pamoja, ya chama cha mashine kongwe. Mzee Oddvar, mwenye funguo za kiwanda, ametangaza kwamba ikifika saa sita mchana mashine haijaandika neno, itakwenda kwenye chuma chakavu, na mahali pake zikae injini zake za boti. Anazo kumi na nne. Nikasimama mbele ya wanachama wote nikasema nitaifanya iseme. Akauliza kama nimeichanganya na chuma cha kuokea keki za vafeli.

Tutaona.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeweka kadi! Embla alikaa sakafuni kando ya sanduku la vifaa, mpole kama malaika. Nilichomoa kadi za zamani, nikazipangusa, nikazirudisha. Harufu ile! Vumbi lililopata moto, na karatasi. Harufu ya koti la baba. Nililia kidogo nikiwa nimeingiza kichwa kabatini. Hakuna aliyeona.

Nikawasha. Kimya.

Daftari la kazi aliloacha baba linasema viswichi vidogo vya kadi vikiwa juu ni sifuri. Juu ni sifuri! Nani aliamua? Nikavigeuza vyote. Kimya.

Jumatano, 9 Oktoba

Kumbe waya! Nilifunga mdomo wa kadi kwa mdomo wa skrini, na sikio kwa sikio. Wote wanasema, hakuna anayesikiliza, kama mimi na mama tukigombana. Nimezipishanisha.

Kimya.

Mzee Oddvar alipita na kikombe cha kahawa na futi. Akaanza kupima. Nikamuuliza anapima nini. "Endelea tu, mama Embla. Mimi napima hewa."

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeibiwa!

Kurasa mbili za daftari zilikuwa zimegandana kwa jemu. Nimezibandua kwa mvuke wa birika. Baba ameandika kwamba kadi ikitaka kusema hupiga hodi kwanza, na hodi hupita tundu kwa tundu, yaani zile nafasi za kuchomekea kadi, hadi kwenye ubongo wa mashine. Tundu likiwa tupu, hodi inafia hapo. Ndiyo maana tundu la nne lina kikadi kidogo kisicho na kazi yoyote ila kupitisha hodi za wenzake.

Nikashuka mbio kuangalia. Tundu la nne, tupu! Na Jumanne nilipochomoa kadi kilikuwapo, nakumbuka.

Mwenye funguo ni nani? Mwenye injini kumi na nne ni nani? Nimenyunyiza unga sakafuni. Nyayo zitasema.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyayo zimesema. Zangu, na gurudumu la toroli.

Unga ulikuwa wa vafeli za kesho. Mzee Oddvar alinikuta nao. Nikamwambia usoni kwamba ni mwizi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alishika ufagio, akasema baba yangu naye alikuwa akiona wezi kila alipopoteza bisibisi. Kisha akasema saa sita ni saa sita.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Mama akavaa buti aende kwenye msaragambo. Akapiga yowe la kuamsha mtaa. Akakung'uta. Kikaanguka kijiko, soksi, ganda la yai, na kikadi cha tundu la nne.

Embla akakipigia makofi.

Nilikimbia na toroli, mtoto ndani, nami nina buti moja tu mguuni. Saa tano na dakika ishirini. Mzee Oddvar akatazama kikadi, akaangalia toroli, akanipokea mtoto. Nikakirudisha kikadi tundu la nne, nikawasha, nikaanza kuingiza nambari za salamu kutoka ukurasa wa daftari ambao baba aliupa kichwa "Tuva", moja moja kwa swichi za mbele. Nambari tisini na mbili. Nyuma yangu Mzee Oddvar akisoma kwa sauti, nami nikibonyeza. Saa sita kasoro dakika mbili nikabonyeza swichi ya kuanza.

HABARI ZA ASUBUHI TUVA. UMEKULA?

Umekula! Hilo nilikuwa nimelisahau. Kila asubuhi baba alikuwa akiniuliza. Embla akagusa herufi za kijani kwa kidole chenye jemu. Mama, aliyetufuata, akakaa juu ya boksi. Mzee Oddvar akafuta miwani kwa karatasi ya vafeli, akasema injini za boti zimezoea baridi, zitakaa nje. Nikamwomba radhi. Akasema nile kwanza, nimeulizwa.

Mashine inabaki!

Jioni. Jamaa wa Trondheim amepiga simu. Ana kadi ya pili, ya kuwezesha skrini mbili. Anataka kitanda cha mtoto. Embla halali humo hata hivyo! Mama atadhani kiko kwa fundi. Na kikadi cha akiba alichonipa Mzee Oddvar leo mchana nimekificha mahali ambapo hakuna atakayekifikia, ndani kabisa ya buti la mama, lile la ku—

Mama ananiita, anasema anatoka kidogo na mvua hii, anavaa buti, na—