Upweke wa Visogo

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata mama: sijaona hata filamu moja ya Mwongozaji. Muhula mzima nimesimama mbele ya chama cha filamu cha shule, sauti kama ya mbu, nikifafanua mtindo wake na dhamira zake. Yote nimeyatoa katika kitabu kimoja cha maktaba. Hakina jalada. Kurasa za mwisho zimenyofoka. Jina lake nalo limepotea na jalada; ndani kitabu kinamwita Mwongozaji tu, nami namwita hivyohivyo. Wenzangu wanadhani ni heshima.

Kitabu kinasema hakutumia waigizaji. Hakuweka muziki. Kamera yake haikusogea. Dhamira yake kuu ilikuwa upweke wa mtu katikati ya watu. Na ukurasa wa mwisho uliobaki una picha: visogo. Safu kwa safu za watu waliotupa mgongo, hakuna hata uso mmoja. Maelezo ya picha yalikuwa ukurasa unaofuata, ambao haupo. Sikuyahitaji. Nilielewa.

Maana mimi nyuso zinanitisha. Mtu akinitazama, macho yangu hukimbilia viatu vyake. Kumbe duniani aliwahi kuwepo msanii mkubwa mwenye tatizo hilohilo, na akalifanya mtindo!

Leo mwalimu wa fasihi, mlezi wetu, ametangaza kwamba Siku ya Wazazi itaonyeshwa filamu moja tu. Moshi akageuka kunitazama. Tunamwita Moshi kwa sababu kila filamu yake ina mtu anayetokea kwenye moshi akiwa na hasira. Akaniuliza kama mwaka huu nitaleta tena filamu ya ndoo tupu, kama mwaka jana. Nikatazama viatu vyake. Vipya.

Lazima yangu ndiyo ionyeshwe.

Jumanne, 4 Juni

Mkakati uko tayari. Nitapiga filamu saluni kwa mama. Mama ni msusi. Wateja wake hukaa kitini nusu siku, visogo vikiwa nje. Mwongozaji angelia kwa furaha. Jina la filamu: Upweke wa Visogo.

Nimemwomba mama ruhusa. Akauliza kama naye ataonekana. Nikamjibu kwamba mgongo wake ndio utakaoonekana. Akasema mgongo huo unamuuma tangu aliponizaa mimi, kwa hiyo acha angalau upate umaarufu. Nimechukulia hiyo ni ndiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Tatizo: vioo. Mtu anakupa kisogo, halafu uso wake unakuchungulia kutoka ukutani. Usaliti mtupu.

Mama alipotoka kununua rasta za kusukia, nikafunika vioo vyote kwa mashuka ya kitanda chake. Simu nikaiegesha juu ya rafu, kati ya makopo ya mafuta ya nywele. Haikusogea. Safi kabisa.

Akaingia fundi cherehani wa jirani, mteja wetu wa miaka mingi. Akatazama mashuka, akauliza kama tunahama. Nikamweleza, nikitazama ndala zake, kwamba uso ni uongo na kisogo ndicho ukweli.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nimekuja kusuka. Sikuja kuhubiriwa.”

Akavuka barabara hadi saluni ile mpya, yenye taa kuzunguka vioo. Wawili waliokuja baada yake walichungulia mlangoni tu, wakamfuata.

Mama aliporudi akasimama dirishani. Fundi alikuwa ng’ambo, kitini, anacheka na msusi mwingine. Mama akasimama pale muda mrefu, mfuko wa rasta mkononi, mabega yameshuka. Mimi nilikuwa nyuma yake na simu ilikuwa inarekodi.

Ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Mama hajanisemesha tangu hapo. Jioni amenipakulia chakula bila kuniangalia, jambo ambalo kwa kawaida ningelipenda.

Jumamosi, 8 Juni

Mashuka yameondolewa na kufuliwa. Na mimi.

Kutwa hakuja mteja. Mama akazunguka saluni akipanga vitana ambavyo vilikuwa vimepangwa. Mwishowe akamwita dada yangu, akamwambia, “Kaa hapa, mikono yangu isije ikasahau kazi.” Akamsuka kwa hasira. Sijapata kuona mtindo ule: misuko inaanzia shingoni, inazunguka kisogo kama gamba la konokono, halafu inapotea katikati. Hasira ikaisha kabla ya misuko. Wakaanza kusengenya saluni ya ng’ambo, wakicheka hadi dada akaanza kukohoa.

Nimerekodi kila kitu kwa nyuma, simu imeinamishwa ili kioo kisiingie. Kicheko kimeharibu dhamira ya upweke. Nimekifuta. Filamu nzima sasa haina sauti.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeshindwa. Mwalimu ametazama filamu yangu hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kwa upole kama hii ni sehemu ya kwanza. Akasema wazazi wanakuja kuona nyuso. Filamu ya Moshi ndiyo imechaguliwa.

Moshi amenipa pole mbele ya darasa zima. Akasema hata visogo vyangu vimeigiza vizuri. Wamecheka sana.

 Mimi ni mtu wa kusoma, si wa kujibu. Ila kuna jambo wamelisahau. Kwa kuwa siongei, kila mwaka mimi ndiye ninayeachiwa kompyuta na projekta.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya Wazazi. Ukumbi umejaa. Mama na dada safu ya tatu. Moshi amesimama jukwaani kuitambulisha filamu yake, akazungumzia ujasiri. Taa zikazimwa. Nikabonyeza.

Ukutani akatokea mama yangu, dirishani, kwa nyuma.

Ukumbi ukawa kimya. Moshi akanong’ona jina langu kwa namna ambayo mtu huita mbwa. Sikumtazama. Nilisikiliza ule ukimya. Upweke umewafika, nikajiambia. Hatimaye mtu ameelewa.

Kikaja kisogo cha dada. Konokono akaanza kuzunguka polepole, ukuta mzima.

“Jamani,” akasema mama mmoja gizani, “huyo kasukwa wapi?”

Mwingine akasema rudisha nyuma hapo. Mwingine akasema hiyo ni misuko mingapi, hebu simamisha. Mwalimu akaja mbio kunishika bega, lakini mwenyekiti wa wazazi, mama mzito anayeheshimiwa, akamwambia aache mtoto afanye kazi yake. Taa zikawashwa. Mtu akauliza kwa sauti mwenye kichwa hicho yuko wapi.

Niliwaka. Nikapanda jukwaani. Mimi! Nikakamata kipaza sauti ili niwaambie kwamba huu si mtindo wa nywele, hii ni dhamira. Nikajikaza, nikainua macho kuwatazama watu wote usoni, kwa mara ya kwanza maishani.

Hapakuwa na nyuso. Dada alikuwa amehama na kusimama juu ya kiti nyuma ya ukumbi, akizunguka ili aonekane vizuri, na ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kumtazama. Safu kwa safu. Visogo vitupu.

Niliongea hadi mwisho. Nadhani ilikuwa hotuba nzuri.

Jumapili, 16 Juni

Saluni imejaa tangu jana. Fundi cherehani amerudi, anasema ng’ambo taa zile zinamchoma macho. Mama ameniita mbele ya wateja akasema huyu ndiye mwanangu. Nimesimama nikitazama sakafu. Walikuwa wanaichukulia kazi yangu kama tangazo la biashara, nami nimewasamehe wote isipokuwa Moshi.

Jumatatu, 17 Juni

Adhabu: kufagia ukumbi wiki nzima. Nafagia nikiwa nimenyoosha shingo.

Nikiwa nafagia, mkutubi wa shule amenijia kwa furaha. Amepata ukurasa mmoja kati ya zile zilizonyofoka kwenye kile kitabu. Ulikuwa nyuma ya kabati. Nikausoma nikiwa nimeegemea ufagio. Maelezo ya ile picha: “Watazamaji wakisubiri filamu ianze.” Chini yake: “Mwongozaji mwenyewe hakupiga kitu kingine maishani isipokuwa nyuso, tena kwa karibu mno.”

Nikausoma tena.

Ni wazi kwamba mwandishi wa kitabu hicho hakumwelewa Mwongozaji. Na kama Mwongozaji naye alipiga nyuso kweli, basi hakujielewa. Nimemzidi.

Nikamrudishia mkutubi ukurasa wake, nikamshauri asiugundishe. Nikamaliza kufagia. Nikaenda saluni. Palikuwa na foleni hadi mlangoni, na mama alikuwa ametoka kununua rasta. Nikaweka simu sakafuni, ikitazama viatu vya wateja. Kisha nikaenda nyumbani, nikachukua mashuka, nikarudi nikafunika vioo.