Nimemsindikiza Shangazi, Nimerudi Mgeni

Jamaa zangu wa barazani, mtaa wetu wa Malindi,

Leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa uchochoroni, ambako mtu hukunja kanzu yake akapita njia nyingine. Nimeadhirika kiwanja cha ndege, mchana kweupe, mbele ya abiria na mbele ya mkubwa wangu wa kazi. Dereva wa teksi aliyewaletea barua hii ameyaona yote, na mimi namjua, akifika Darajani atakuwa ameshayatia chumvi. Kwa hiyo isomeni hii kwanza, yeye mumsikilize baadaye.

Mnajua kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya miezi yangu mitatu ya kujaribiwa. (Mnajua, maana nimewaambia kila jioni mpaka mkawa mnainuka kwenda kusali kabla ya adhana.) Leo Mzee Haroub, mkubwa wetu, alikuwa aamue: ama niandikwe karani wa kudumu, ama nirudi dukani kwa mjomba kupima mchele. Na mnaijua karatasi niliyoitunga, Maelezo kwa Wageni Wanaoingia Unguja, iliyobandikwa ukutani pale wanapopita abiria. Inamwambia mgeni awe na kadi ya chanjo ya ndui iliyogongwa muhuri. Aseme atafikia kwa nani na atakaa siku ngapi. Matunda na mbegu aviweke juu ya meza ya forodha kabla hajaulizwa. Akitaka teksi, apatane bei kabla ya kuingia, si baada. (Huyu dereva wenu hajanisamehe mpaka leo kwa mstari huo.)

Chini kabisa niliongeza mstari wangu mwenyewe: "Udhuru hausikilizwi, hata wa mtu anayejulikana."

Mzee Haroub aliusoma mara mbili. Akasema ni mkali mno, kwa sababu Unguja hakuna mtu asiyejulikana, na mstari usioweza kufuatwa ni kuharibu wino tu. Nikamwambia aniachie, atauona unavyofanya kazi. Akaniachia, lakini kwa sura ya mtu anayengoja kuona.

Basi leo asubuhi ndege ya Dar es Salaam ilikuwa iondoke saa tatu. Wenzetu wa Dar nao wanataka kadi ya ndui, na sisi tunazikagua hapa kabla mtu hajapanda. Akaja Bwana Amiri, muuza vitambaa, mnamfahamu. Kadi anayo, muhuri hana. Alisahau kwenda kugongewa.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi ndiye niliyekupimia kanzu ya Idi ulipokuwa huna meno ya mbele."

Nikamwonyesha mstari wa mwisho kwa kidole. Nikamwambia karatasi haijui mtu, akagonge muhuri kisha apande ndege ya mchana. Akaitia kadi mfukoni akaondoka. Nilijisikia mkubwa, nakiri. Nikataka kulifuta jina lake kwenye orodha, kisha nikakumbuka kwamba rubani hapendi orodha zenye kufutwafutwa, nikaliacha. (Kumbukeni jambo hili. Mimi nililisahau.)

Abiria mwengine alikuwa Bi Zuhura, shangazi yangu wa Bububu. Binti yake amejifungua huko Dar, naye anakwenda kumtazama mjukuu. Hajapata kupanda ndege maisha yake. Kadi yake ilikuwa safi, muhuri juu yake, maana nilimpeleka mwenyewe kuchanjwa. Mkononi ana kikapu cha matunda, shokishoki alizozichuma juzi kiamboni kwake.

Sasa nyinyi ni watu wa Unguja, mtanielewa. Mtu mzima anasafiri, tena shangazi, tena mara ya kwanza. Utamwachia mlangoni? Nilimuaga jana nyumbani kwake, hakuagika. Nikamuaga aliposhuka garini, akakumbuka salamu za mama. Nikamuaga penye mlango wa jengo, akakumbuka kuku wake, na kwamba mama aende Bububu leo leo kuwalisha; nikamtuma kijana akamwambie. Nikamuaga chini ya ngazi ya ndege, akanishika mkono na hakuuachia. Ndipo nikachukua kikapu nikapanda naye.

Ndani akakaa dirishani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, cha Bwana Amiri.

"Kaa kidogo tutakane radhi," akasema. "Siwezi kwenda huko juu na kinyongo cha mtu."

Nikakaa. Yeye akaniomba radhi kwa kofi alilonipiga mwaka niliovunja mbuzi yake ya kukunia nazi. Nikamsamehe. Mimi nikamwomba radhi ya kuivunja. Naye akanisamehe, ingawa alitaka kwanza kujua ilikuwaje. Nikamweleza. Tukamaliza, nikataka kuinuka, naye akainua mikono kuomba dua.

Jamaa, mumewahi kuisikia dua ya Bi Zuhura? Huanza na waliokufa. Nikainua mikono na mimi, nikafumba macho. Alipofika kwa babu yake wa Makunduchi nikasikia kitu nyuma yangu kimejibamiza. Nikadhani ni sanduku la mtu. Alipofika kwa wagonjwa, kiti kikaanza kutetema. Alipofika kwa wasafiri wa bara na bahari ngurumo ikawa kubwa hata sikusikia tena anamuombea nani. Lakini nani kati yenu angemkatiza mtu mzima katikati ya dua? Aje mbele aseme. Nilingoja amin. Nikaitikia amin, nikajipangusa uso, nikafumbua macho. Mlango umefungwa na minazi inakimbia.

Mhudumu wa ndege alikuwa ameshahesabu vichwa. Vilikuwa sawasawa na orodha. (Orodha ya nani? Yangu. Hati safi kabisa.)

"Mimi si msafiri!" nikapiga kelele.

Mhudumu akanipiga bega kwa upole, akanifunga mkanda, akanipa peremende. Baadaye akaniambia kwamba watu wengi husema hivyo mara ya kwanza. Nilipojaribu kumweleza kuwa mimi ni karani wa uwanja, akanipa peremende ya pili. Abiria wa mbele akageuka kunitazama kwa huruma.

Bi Zuhura machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nilijua tu hutoniacha peke yangu," akasema. "Mama yako kazaa mtoto."

Ningemwambia nini? Nilimshika mkono, tukaruka. Nasema kweli, nilipoiona Unguja yote iko chini, na mchanga mweupe, na bahari rangi mbili, nilisahau kwa dakika kama tatu kwamba nimepotea kazini. Ni kisiwa kizuri kile. Kisha nikakumbuka kuwa meza yangu haina mtu, nikaimeza peremende nzima.

Dar es Salaam Bi Zuhura alipita mbele ya kila mtu akimwambia afisa, na mchukuzi, na mkwewe aliyekuja kumpokea, kwamba mtoto wa kaka yake amemsindikiza mpaka mwisho. Mtu mwenyewe nikawa nyuma yake nimekamatwa mkono. Sina kadi, sina kibali, sina hata kofia, niliiacha mezani. Afisa wa pale alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa adabu sana: "Na huko kwenu, bwana, hakuna mtu anayekagua?"

Nikasema yupo.

"Mwambie azidi kuangalia," akasema.

Akaamua nirudishwe na ndege ile ile. Nikawekwa kwenye benchi kivulini, na askari kando yangu. Forodha ya Dar nayo ikakataa shokishoki za Bi Zuhura, kwa hiyo akaniletea kikapu akanambia nizile njiani, mwana asirudi na njaa. Akanibusu kipaji cha uso, akaenda zake kumwona mjukuu. Nilikaa pale saa mbili na robo nikikodolea macho kikapu.

Saa sita u nusu tukatua Unguja. Nilishuka wa mwisho, nikijaribu kupita upande wa wafanyakazi. Askari akanirudisha kwenye mstari wa abiria, kwani nilitoka ndegeni. Nikasimama kwenye mstari. Ukutani mbele yangu, kwa hati yangu, karatasi yangu.

Na mezani, kwa kuwa karani hakuonekana tangu saa tatu, alikuwa amekaa Mzee Haroub mwenyewe. Kiti changu, kalamu yangu, na kofia yangu iko pembeni yake.

"Jina?" akasema.

"Mzee, ni mimi."

"Jina?"

Nikamwambia Hamadi bin Shaame. Akaandika pole pole. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Dar es Salaam. Akauliza nimekuja kwa shughuli gani, nikasema kurudi kazini. Utafikia kwa nani? Kwa mama, Malindi. Utakaa siku ngapi? Nikasema nilitumai kukaa mpaka nife. Hakucheka. Yote aliyaandika.

Kisha akakitazama kikapu. Nikakumbuka kuwa matunda huwekwa juu ya meza kabla ya kuulizwa, na nilikuwa nimeulizwa tayari. Nikaziweka. Akachukua shokishoki moja, akaigeuzageuza.

"Zimetoka wapi?"

"Bububu," nikasema.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Alikuwa Bwana Amiri kwenye kizuizi, anangoja ndege ya mchana, kadi yake mkononi imegongwa muhuri mpya unaong'aa. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kadi ya ndui," akasema Mzee Haroub.

Nikajipapasa mifuko bure. Kadi yangu iko nyumbani, ndani ya kasha la mama. Sijapata kuichukua hata siku moja, kwani nani angeniuliza? Nikaanza kueleza. Nikamweleza dua, na radhi, na mbuzi ya kukunia nazi. Mzee Haroub akanyoosha kidole nyuma yangu, ukutani, chini kabisa ya karatasi. Sikuhitaji kugeuka. Nimeiandika nakala arubaini kwa mkono wangu.

Bwana Amiri ndiye aliyeisoma, kwa sauti, kwa ajili ya abiria wasioona vizuri. "Udhuru hausikilizwi," akasoma, "hata wa mtu anayejulikana." Kisha akaniambia kwa upole uliozidi kiasi: "Karatasi haijui mtu, mwanangu."

Abiria wote walicheka, na mchukuzi, na dereva huyu wa teksi aliyekuwa mlangoni. Hata rubani, asiyejua Kiswahili, alipotafsiriwa alicheka.

Basi ndiyo maana sitakuja barazani leo. Nawaandikia kutoka chumba cha karantini, kile chenye kitanda kimoja na dirisha la nyavu. Sheria inasema asiye na kadi akae humu, na isipofika kabla ya magharibi achanjwe upya. Mnakumbuka mkono wangu ulivyovimba mara ya kwanza. Niliwalilia siku tano.

Na kazi? Mzee Haroub aliingia humu saa tisa, akakaa kwenye ncha ya kitanda. Nilijua ananiletea habari za mchele. Nikamwambia nimekosa, na asijisumbue kutafuta maneno. Akanambia mimi ni mjinga wa kutosha. Orodha yenye jina la mtu asiyekuwepo haisamehewi mara ya pili. Akatafuna shokishoki. (Alikuwa anazila, jamaa. Mali ya forodha.)

"Lakini mstari wako," akasema, "nilidhani hapana mtu Unguja atakayeufuata. Leo nimeufuata mwenyewe, na roho iliniuma, maana nilitaka kukupitisha."

Akatoa karatasi ya kazi ya kudumu, imetiwa saini. Nilitaka kulia. Kabla sijaanza akanipa karatasi nyengine, rimu nzima, tupu. Niongeze mstari mpya kwenye Maelezo, kwa hati nzuri, nakala hamsini, kabla ya kesho: "Msindikizaji aishie chini ya ngazi, hata akishikwa mkono."

Hii mnayoisoma imeandikwa nyuma ya nakala nilizozikosea.

Sasa nawaomba. Mmoja wenu aende Bububu. Mama yuko huko anawalisha kuku wa Bi Zuhura, na ufunguo wa kasha ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Achukue ufunguo, aitoe kadi, ailete kabla ya magharibi. Apatane bei ya teksi kabla ya kuingia. Mama asiambiwe kitu zaidi ya kwamba nimepata kazi.

Na wengine mkitaka kuja kunitazama dirishani, karibuni, ila msicheke. Mkiondoka mtaniwia radhi, nitawaaga nimekaa hapa hapa kitandani; kusindikiza nimeacha.

Ndimi mwenzenu,
Hamadi, karani wa kudumu