Yai Lisiloguswa na Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Mkuu wenu wa Mkoa; nawe Mganga Mkuu wa hospitali hii, Matroni, wauguzi, wagonjwa mnaoweza kukaa na ninyi mliolala, wanahabari, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Wanaopiga ni maofisa wake.)

Nimesimama humu jikoni, mahali ambapo sijawahi kutia mguu katika miaka sita ya uongozi wangu uliotukuka, kuzindua Mradi Mkakati wa Uivishaji wa Mayai kwa Oveni, ambao wataalamu wangu, baada ya semina elekezi kumi na moja na ziara ya mafunzo ng'ambo niliyokwenda mimi na shemeji yangu, wamethibitisha kwamba yai zima na ganda lake, likipangwa kwenye trei na kukaa ndani ya oveni dakika thelathini, huiva hadi kiini bila tone la maji kuchemka. (Mzee wa wodi namba tatu anauliza kama yatatoka leo.) Vuta subira, mzee wangu, subira yavuta heri.

Kitakwimu, ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, na ndiyo maana jana niliamuru masufuria yote ya jiko hili yakusanywe yakayeyushwe, kwani huwezi kuingia kwenye uchumi wa kidijitali umebeba sufuria lenye masizi. (Mpishi mkuu anajifuta macho kwa aproni.) Namwona mama yetu mpishi analia kwa furaha.

(“Si furaha, mkuu. Nina wagonjwa tisini hawajatia kitu mdomoni tangu jana.”)

Mchango mzuri sana, mama. Tutaupeleka kwenye kamati ya wadau.

Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Mayai thelathini haya hapa mezani, wanahabari onjeni, mseme wenyewe kama hayakuiva. (Wanaonja. Yameiva.) Mmeona? Oveni oyee! (Oyee ya kichovu.) Sufuria zii! (Hakuna anayeitikia.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi seremala aliyetuchongea oveni hii kwa mbao na kuipaka rangi ya fedha, ikatoka vizuri kwenye picha. Namshukuru kipekee mama huyu mpishi, aliyekubali kutuchemshia mayai haya nyumbani kwake asubuhi, katika sufuria lake mwenyewe, ambalo vijana wangu wamekwenda kulichukua sasa hivi.

Asanteni kwa kunisikiliza.