Mjane wa Kundi la Maktaba

Jumatatu, 4 Machi
Mkutubi mkuu anataka maktaba iwe na kundi la wasomaji kwenye simu. Likichangamka kufikia Ijumaa, mwanzilishi atakuwa msimamizi wake, na ataacha kazi yake ya sasa. Miaka tisa niko kaunta ya marejesho ya vitabu, nakula vumbi. Nimejitolea kabla hajamaliza sentensi. Bi Magazeti, mtunza chumba cha magazeti, akanyoosha mkono taratibu. Amechelewa! Atakuwa msaidizi wangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimeingiza wasomaji mia na kumi na wawili, kwa mpangilio wa alfabeti. Kisha kanuni. Ya nini kutunga mpya ilhali za maktaba zipo ukutani? Nimenakili zote kumi na nne, neno kwa neno. Kundi limetulia tuli. Nidhamu hiyo!

Jumatano, 6 Machi
Bado tuli. Mkutubi mkuu kauliza mbona hakuna anayesema. Nikamwambia wanatafakari. Bi Magazeti akatoa simu, akasoma kanuni ya kwanza: "Kimya. Anayezungumza atatolewa nje." Akauliza kama nataka wabishane kwa ishara.
Nimeifuta. Lakini nani atathubutu kuanza? Jioni nimenunua laini ya pili. Mke wangu kauliza ni ya nani. Nikamweleza ukweli: ya mjane fulani mpenda riwaya. Hajanisemesha tena.

Alhamisi, 7 Machi
Mjane kaingia kundini asubuhi. Kauliza swali, nimemjibu. Kashukuru, nimempokea. Mazungumzo yamenoga! Saa tano nikachanganya laini. Kwa jina langu, na picha yangu yenye tai, nikaandika: "Ahsante mkutubi. Tangu nibaki mjane, maktaba ndiyo faraja yangu."
Seremala mmoja akanipa pole kwa msiba. Wengine wakafuata. Hadi saa nane, rambirambi arobaini. Kundi limechangamka, hakuna wa kubisha. Marehemu yuko jikoni, anabamiza masufuria.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kafika alfajiri, analia. Kafunguliwa mlango na bintiye. Sitaandika zaidi.
Kazini, Bi Magazeti alikwisha kuandika kundini: "Jamani, shemeji ni mzima, nimetoka kuongea naye. Haya, kitabu gani kiliwahi kuwaunguzia chakula?" Basi! Kufikia adhuhuri majibu mia mbili. Muuguzi na fundi cherehani wamegombana juu ya mwisho wa riwaya moja, wanakutana kesho meza ya dirishani kuumaliza ugomvi. Mkutubi mkuu kampa Bi Magazeti usimamizi. Mimi, kaunta.
Nikamuuliza siri yake.
"Siri gani, kaka? Wewe uliwaorodhesha. Mimi nimewauliza."

Jumamosi, 9 Machi
Nimelichambua jambo hili kwa utulivu, na kosa nimeliona. Mjane alikuwa peke yake. Mtu mmoja hajengi jumuiya! Nimenunua laini tatu: mkunga, mwanajeshi mstaafu, na mchungaji asiye na makuu. Watadai nirudishiwe kundi. Nimewapangia zamu wasigongane. Mchungaji anaanza Jumatatu, saa mbili kamili.